Ufunguo Niliouvaa Shingoni

Kuanzia mwaka 2011 hadi 2015 nilivaa ufunguo shingoni. Ulikuwa wa kufuli la chumba cha kompyuta katika sekondari ya kata ninayofundisha, mkoani Singida, na kamba yake ilikuwa uzi mweusi wa kiatu. Nililala nao. Nikienda msibani nilikwenda nao, na chumba kilikaa kimefungwa mpaka nirudi. Naandika haya kwa sababu wapo walimu wengi leo wanaovaa ufunguo kama ule, na najua kinachowapitia moyoni, maana kilinipitia mimi.

Nafundisha Jiografia. Kompyuta sikuisomea, nilijua kuchapa tu, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua hata hilo, mkuu wa shule alinikabidhi mashine kumi na tano za mezani, mitumba, tulizoletewa na wafadhili kutoka Ulaya. Siku mashine ziliposhushwa kwenye lori watu waliacha mashamba ya alizeti wakaja kuona. Mjumbe mmoja wa bodi ya shule, mzee wa heshima zake, alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, hivi vitu mvitunze, visije vikaharibikia mikononi mwa watoto." Neno lile nililibeba kama kiapo.

Nikavitunza. Viatu vilivuliwa mlangoni, mikono ilinawiwa kwenye ndoo. Singida ina upepo na vumbi, basi kila mashine niliishonea kitambaa chake, na kukivua na kukivisha kulikula dakika kumi za kipindi. Wanafunzi watano walikaa kwenye mashine moja: mmoja anashika kipanya, wanne wanatazama, mikono nyuma. Aliyegusa kitu ambacho sijakitaja alitoka nje. Darasani nilichora kibodi ubaoni kwa chaki, watoto wakaikariri. Ukiwauliza kompyuta ni nini walijibu kwa sauti moja, kwa Kiingereza, bila kukosea hata neno. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuiwasha.

Na mimi mwenyewe nilijua nini? Nilidhani Windows ndiyo kompyuta. Sikujua kwamba kuna kitu kinaitwa mfumo endeshi, kwamba mashine ni chuma na mfumo ni programu inayokiendesha, na kwamba kimoja kinaweza kuondolewa na kingine kikawekwa. Mashine zikizingua nilimwita fundi kutoka mjini, akaja "kupiga window", kama tunavyosema, kwa CD aliyoichoma mwenyewe, namba ya kufungulia imeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Shilingi 15,000 kwa mashine. Sikuwahi kujiuliza ile namba ni ya nani. Leo naiita kwa jina lake: wizi. Wizi wetu sisi, walimu tuliokuwa tukiwaadhibu watoto kwa kunakiliana mitihani.

Mfumo tuliokuwa nao ni Windows XP. Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft waliacha kuutolea viraka vya usalama, na dunia ilikuwa imetangaziwa miaka mingi kabla. Shuleni kwetu hakuna aliyesikia.

Mwezi uliofuata ndipo yalipotokea. Nilikuwa nimeweka alama zote za maendeleo za kidato cha nne kwenye flashi yangu na kwenye mashine mbili. Ijumaa moja nikafungua, nikakuta kila folda ina kimshale kidogo kwenye kona, na nikibofya haifunguki. Linakuja dirisha lenye maneno ya Kiingereza kwamba faili fulani halionekani. Mashine ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, zote. Jasho lilinitoka.

Sasa, siku moja kabla, Alhamisi, nilikuwa nimemkuta kijana wa kidato cha tatu amechomeka flashi kwenye mashine iliyo karibu na dirisha. Alikuwa ameomba kufagia chumba, kumbe alitaka dakika tano za kuwa peke yake na kompyuta. Nilimfukuza, flashi nikaitwaa. Kwa hiyo Ijumaa ile sikuhitaji ushahidi mwingine. Jumatatu nilimsimamisha mbele ya mstari wa asubuhi, shule nzima ikitazama, nikasema huyu ndiye aliyeleta virusi na kuua alama za kaka na dada zake. Alifyeka nyasi wiki mbili. Chumba cha kompyuta nilimpiga marufuku hadi atakapomaliza shule. Alisema mara moja tu, "Mwalimu, flashi yangu ilikuwa na nyimbo tu," akanyamaza.

Fundi akaja, akafuta kila kitu, akapiga window upya mashine kumi na tano. Flashi yangu aliitazama akaniambia imeliwa, nisiichomeke tena popote. Nikaitupa kwenye droo. Walimu tulikesha usiku wiki mbili tukinakili alama upya kutoka kwenye madaftari, zile zilizopatikana.

Mwaka 2015 alitujia mwalimu wa kujitolea, binti aliyemaliza chuo kikuu na alikuwa akisubiri ajira. Alikuja na begi la nguo na kompyuta mpakato iliyopasuka kona. Wiki ya pili alinikuta nakuna kichwa mbele ya mashine iliyogoma kuwaka, akasema, "Shikamoo mwalimu. Naomba nijaribu kitu, sitafuta chochote." Akachomeka flashi yake, akawasha mashine huku akigonga F12, akachagua mstari mmoja kwenye orodha. Baada ya dakika mbili hivi kikaja kioo cha rangi ya buluu ambacho sikuwahi kukiona, kipanya kinatembea, mafaili yote ya kwenye diski yapo. Mashine ile ile niliyokuwa nimeiandikia barua ya kuifuta kwenye leja.

Mfumo ule uliitwa Lubuntu, mdogo wake Ubuntu, na wote ni ukoo wa Linux. Alinieleza pale pale, tumesimama. Kwamba mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliandika kiini cha mfumo endeshi na kuwaachia watu wakisome, wakirekebishe, wakigawe. Kwamba Ubuntu ilianzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, mwaka 2004, na jina lenyewe maana yake ni utu. Kwamba mpaka 2011 walikuwa wakituma CD zake bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Hilo la mwisho lilinichoma. Shule yetu ina sanduku la posta, na 2011 ndio mwaka tuliopokea mashine zile.

Lakini hayo yalikuwa maarifa tu, hayakunibadilisha. Kilichonibadilisha kilikuwa kwenye droo.

Niliikumbuka ile flashi iliyoliwa. Nikamuuliza kama mfumo wake unaogopa virusi. Akasema virusi vya aina ile vimeandikwa kwa ajili ya Windows, hapa havina pa kushika, lete. Nikaileta, akaichomeka. Na mbele ya macho yangu folda zangu zikajipanga: Kidato cha Nne, Kidato cha Pili, Mitihani, zote, na pembeni ya kila folda pacha wake mwenye kimshale. Nikafungua alama za maendeleo. Zilikuwepo. Zilikuwepo mwaka mzima.

Akanifafanulia. Kirusi kile hakili mafaili. Kinayaficha, kinaweka njia ya mkato yenye jina lile lile, na kila ukiibofya unakiamsha. Windows huheshimu alama ya "fichwa" isipoambiwa vinginevyo, kwa hiyo unaona njia ya mkato peke yake. Linux haiijali alama ile, inakuonesha vyote. Programu ya kinga iliyokuwa kwenye mashine zetu ilikuwa imeua kirusi chenyewe ikaacha vimshale vyake, ndiyo maana havikufunguka. Fundi alipofuta diski zetu, alifuta mafaili yaliyokuwa mazima.

Kisha akabofya safu ya tarehe, bila nia yoyote, kama mtu anayepanga vitu. Njia za mkato zote zilikuwa zimeundwa siku moja: Jumamosi, tarehe 10 Mei 2014.

Jumamosi ile nilikuwa mjini. Nilikwenda steshenari kuchapisha mitihani ya muhula, nikamkabidhi kijana wa pale flashi yangu, akaichomeka kwenye mashine yao. Jumatatu asubuhi nikaichomeka shuleni, kwa mkono wangu, kwa ufunguo wangu, baada ya kuvua viatu na kunawa mikono. Kijana wa kidato cha tatu alikuwa bado hajaingia hata kufagia.

Sikusema kitu kwa yule mwalimu mgeni. Nilitoka nikakaa chini ya mwarobaini hadi kengele ya chakula.

Wapo wenzangu ambao hadi leo wanaamini mwalimu akimwomba mwanafunzi radhi hadharani amevunja mamlaka ya walimu wote. Mkuu wa shule alinishauri nimwite kijana ofisini tuyamalize. Nilimheshimu, ila niliona kwamba nilimshitaki kwenye mstari, basi na kosa langu liende kwenye mstari. Asubuhi ya siku iliyofuata nilieleza yote: steshenari, tarehe, droo. Nikamgeukia kijana nikamwambia, mwanangu, nilikuonea. Wanafunzi mia tatu na ushee, na ulisikia upepo kwenye bati.

Alijibu, "Sawa, mwalimu." Kisha, baada ya kimya, "Naomba niione hiyo flashi."

Alikuja mchana. Hakutazama alama, alitazama tarehe, mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo. Nami nikakiacha kidole kile juu ya kioo, mimi niliyekuwa nikiwatoa watu nje kwa chini ya hapo. Alipomaliza aliuliza inawezekanaje mashine ikakumbuka tarehe ikiwa imezimwa. Yule mwalimu akasema njoo nikuoneshe, akafungua boksi, ile tunayoiita sipiyu, akamwonesha betri ya duara ndogo kama sarafu iliyobanwa kwenye ubao. Hiyo ndiyo inaifanya saa itembee umeme ukikatika. Mashine zetu nyingi zilikuwa zinadai ubonyeze F1 kila zinapowaka na kusema ni miaka ya nyuma kabisa. Kumbe betri hizo zilikuwa zimekufa. Miaka minne nilikuwa nabonyeza F1 nikidhani ndivyo kompyuta zilivyo.

Tuliagiza betri Kariakoo, zikaja na kondakta wa basi. Kijana yule ndiye aliyezibadilisha.

Mashine zilizokuwa zinapiga mlio bila kuwaka alizichomoa RAM, akaisugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, taratibu, upande huu na huu, akapuliza, akairudisha mpaka ikalia *tak* pande zote mbili. Nne kati ya tano zikawaka. Vumbi nililokuwa nalizuia kwa vitambaa lilikuwa limejaa ndani tangu zamani. Vitambaa vilizuia kuliona tu.

Mwisho wa muhula mashine kumi na mbili zilikuwa na Lubuntu, na kila moja ilikuwa imewekwa na wanafunzi wenyewe. Kamba ya kiatu niliivua, ufunguo tukautundika kwenye msumari ofisi ya walimu, na kiranja wa TEHAMA ana ruhusa ya kuuchukua baada ya vipindi.

Nisidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Mwalimu wa taaluma alikuja juu, na hoja yake ilikuwa na uzito: "Mtoto akifika ofisini atakuta Windows na Word. Wewe unamfundisha kitu ambacho hatakikuta." Tulibishana wiki nzima kwenye chai. Nilimjibu kwamba watoto tuliowafundisha Word ya 2003 menyu kwa menyu waliikuta Word ya 2007 menyu zimeondolewa, umewekwa utepe, na waliokariri mahali pa vitufe walipotea. Aliyezoea kutafuta mwenyewe hupotea kidogo, kisha hufika. Hilo naliamini hadi leo. Lakini pia alinishinda sehemu. Mitihani yake yenye majedwali, ikiandikwa kwenye LibreOffice, programu yetu huria ya ofisi, na kufunguliwa steshenari kwenye Word, ilivunjika: mistari inaruka, swali la saba linahamia ukurasa mwingine. Tukajifunza kuhifadhi kwa PDF kabla ya kutoka shuleni. Na mashine ya ofisi ya taaluma tukainunulia Windows halali, kwa risiti, kwa sababu printa yake ilikataa kabisa kuelewana na Lubuntu na kazi za ofisi haziwezi kusubiri. Sina ugomvi na Windows. Ugomvi wangu ulikuwa na kile nilichokuwa nikikifanya kwa jina la kuilinda.

Suala la lugha nalo lilifumuka lenyewe. Watoto wetu wanatoka msingi wakisoma kwa Kiswahili, wanafika kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza, na kompyuta inakuwa ukuta juu ya ukuta. Yule mwalimu wa kujitolea alitusimulia kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu programu ile ni huria, hakuna wa kumwomba kibali. Baadaye Microsoft nao walitoa sura ya Kiswahili ya Windows yao. Wanafunzi waliposikia hivyo walibandika karatasi ukutani: kuhifadhi, kuhariri, kubandika, kutendua. Wakaibishania. Kama "kusevu" ni Kiswahili au si Kiswahili, mjadala ule haujaisha na sitaki uishe.

Intaneti hatukuwa nayo ya kutosha kwa darasa. Tuliweka programu ya Kiwix, inayobeba Wikipedia ikasomeka bila mtandao. Ile ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, inaingia kwenye flashi ndogo na nafasi inabaki. Hapo nilianza kuulizwa maswali ya Jiografia nisiyokuwa na majibu yake. Nilizoea.

Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilianza kugawiwa walimu. Nilikwenda nyumbani kwa mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri, nikakuta chake kimeviringishwa kwenye khanga juu ya kabati. "Nakitunza," aliniambia. Nikaona kitambaa changu cha 2011. Sikumhubiria. Nilimwomba akishushe, tukakiwasha pamoja, tukapakua ramani ya wilaya yetu, akatafuta kijiji cha mama yake. Sasa anacho darasani.

Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, wakuu wa shule za jirani wananipigia simu. Mashine zao za msaada, nyingi ni kongwe, hazina vigezo vya Windows 11, hasa ile chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0. Wanauliza kama wazitupe. Nawaambia kwanza wawaite wanafunzi wawili watatu wenye udadisi, ndipo wanipigie tena.

Yule kijana niliyemwonea hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano. Alikwenda VETA kusomea umeme, na anafanya kazi yake vizuri. Watu ninaowasimulia kisa hiki hutaka nimalizie kwa kusema amekuwa bingwa wa kompyuta. Sijui angekuwa nini kama kidato cha tatu chote angekuwa mle ndani. Mwaka ule nilimnyang'anya, na radhi haikuurudisha.

Wiki mbili zilizopita binti wa kidato cha pili alinijia jioni, uso umemshuka. Alikuwa akijaribu amri alizoziona kitabuni akafuta sehemu ya diski isiyotakiwa kufutwa. Mashine haiwaki. Alisimama mlangoni akingoja, na nilijua anangoja nini, kwani shule zetu tunazijua.

Nilimwambia, "Kachukue flashi kwenye droo ya juu. Mimi nakaa hapa."

Alivuta kiti. F12 alikuwa anaijua. Akasoma kila ukurasa kwa sauti ya chini, akichanganya Kiingereza cha kioo na Kiswahili chake. Ikafika ramani ya dunia, ikiuliza tuko wapi. Akabofya Afrika Mashariki, likatokea jina moja: Dar es Salaam. Akabofya juu zaidi, kushoto kidogo. Dar es Salaam.

"Mwalimu, Singida hakuna."

"Endelea," nikamwambia.

Ukurasa uliofuata ulitaka jina la kompyuta. Alifikiri, kisha akaandika kwa herufi ndogo, kidole kimoja kimoja: singida. Chini yake palitakiwa nenosiri. Akanigeukia kidogo, akaziba kibodi kwa kiganja cha kushoto nisione, akaandika.